Itadakimasu kwa Lafudhi ya Tanga

Wenzangu wa kikundi, mnaniuliza mmoja mmoja, sokoni, msibani, hata nikiwa nimeshika ndoo ya maji: "Mwanaidi, Doha kulikuwaje, mbona umerudi upesi?" Nimechoka kusimulia vipandevipande, maana kila nikirudia nakuta kipande cha jana kimeshatiwa chumvi na nyinyi wenyewe. Juzi nimesikia kwamba nilifukuzwa kwa kumpiga Mjapani. Sikumpiga Mjapani. Nilimwandalia chakula, na hicho ndicho kilichoharibu mambo. Habari za wakala, pasipoti na vipimo vya damu siwaambii, mnazijua na hazina utamu. Naanzia barabarani.

Tanga mpaka Dar

Basi lilitufia Segera. Dereva alifungua boneti, akatazama ndani kama mtu anayetazama kisima, akafunga, akaenda kunywa chai. Tukakaa.

Jirani yangu wa kiti alikuwa mzee mmoja mfanyabiashara wa vipuri. Aliposikia naenda kufanya kazi kwenye mgahawa wa Kijapani, akajiweka sawa kitini. "Mjapani namjua mimi," akasema. "Nawauzia watu vipuri vya magari yake tangu ujana wangu."

"Umefika kwake?"

"Kufika kwa nini, dada? Gari lake nalijua mpaka uti wa mgongo." Akaanza kunifunza adabu za meza ya Kijapani: kwamba usipolamba sahani unamtukana mwenyeji, kwamba Mjapani hali mpaka aimbe wimbo wa taifa, kwamba samaki wao huletwa mezani bado anapumua. Wakati ananifunza, mkono wake ulikuwa ndani ya mfuko wangu wa bajia. Zile bajia nilizifunga kwa ajili ya safari nzima. Huyo bingwa wa adabu alizimaliza zote bila bismillahi mwanzoni wala ahsante mwishoni, akapangusa vidole kwenye pazia la basi.

Niseme hapa kwamba huyo alikuwa wa kwanza tu. Safari yote hii nilikutana na mabingwa wa Ujapani ambao hawajawahi kumwona Mjapani.

Uwanja wa ndege wa Doha

Ndege ilichelewa kuondoka, ikachelewa kutua, nami nikatoka nje ya mlango wa wasafiri macho yamevimba. Nilikuwa nimeambiwa dereva wa kampuni atanisubiri na karatasi yenye jina langu. Nikatafuta karatasi zote. Jina langu halikuwepo. Simu yangu haikuwa na laini ya huko, kwa hiyo nikakaa kwenye benchi na begi langu, nikasubiri.

Pembeni yangu alisimama dereva mmoja Mbangladeshi, kashika karatasi: MR. MUANA EDDY. Nilimwonea huruma. Abiria wote wa ndege yetu walikwisha, wa ndege nyingine wakaja wakaisha, huyo Eddy hatokei. Mwishowe dereva akaja kukaa kwenye benchi langu, karatasi magotini, akanipa biskuti. Tukatafuna kimya, sisi wawili tuliotelekezwa. Moyoni nikamsonya huyo Mzungu Eddy asiyejali watu.

Ilikuwa mpaka dereva alipochoka akalisoma jina kwa sauti, polepole, kama anayelilaani: "Muana... Eddy." Nikaigeukia karatasi. Nikamgeukia yeye. "Ni mimi," nikasema. Akanikagua toka ushungi mpaka viatu, akakagua ile "Mr.", na sidhani kama mpaka leo amenisamehe.

Najma

Walitulaza Najma, mtaa wa zamani wenye maduka madogo yaliyobanana, vinyozi, na harufu ya chai ya maziwa na iliki ambayo wao huiita karaki. Chumba chetu kilikuwa cha wanawake wa mgahawa, vitanda vya juu na chini. Wa kitanda cha chini yangu aliitwa Nakato, Mganda, mkata mboga wa jikoni, mwanamke mpole mwenye kucheka taratibu.

Siku niliyofika alikuwa ameshapika ugali na maharage. Akanikaribisha. Nilipomaliza nikashukuru Mungu na kuinuka kunawa. Nakato akanitazama tu.

"Dada, chakula kilikuwa kibaya?"

"La, kitamu sana!"

"Sasa mbona unaenda kimya? Kwetu unamwambia mpishi *webale kufumba*, ahsante kwa kupika. Ukila ukanyamaza, mpishi anafikiri umekula mawe."

Nikarudi nikasema *webale kufumba*. Akafurahi. Kwa kweli somo hilo moja lilikuwa na maana kuliko yote niliyofunzwa kesho yake.

West Bay, kwa Brayo

Mgahawa ulikuwa juu kwenye mnara mmoja wa West Bay, na jina lake nitalihifadhi. Ulikuwa wa Kijapani kwa kila kitu isipokuwa Wajapani. Mpishi wa samaki wabichi alikuwa Mnepali. Mlima wenye theluji ukutani ulichorwa na Mmisri. Mudiri, yaani meneja wetu, Bwana Fadi, alikuwa kabla ya hapo anaendesha mgahawa wa piza. Na mkuu wa wahudumu, aliyepewa kazi ya kutufunza Ujapani, alikuwa Brian wa Nakuru, ambaye alitaka tumwite Brayo.

Brayo ni mtanashati, viatu vinang'aa, maneno hayamwishi. "Sikizeni," akatuambia siku ya kwanza. "Nyinyi watu wa Tanzania mko na Kiswahili mingi, lakini hapa tunataka Kijapani."

"Wewe ulikifunzwa wapi, kaka?" nikauliza.

"Niko na video kwa simu."

Basi tukaanza. Mgeni akiingia, wote kwa pamoja tupaze sauti: *Irasshaimase!* Maana yake karibuni. Mgeni wa kwanza kupigiwa kelele hizo, mama mmoja mwenye abaya ya hariri, alimkumbatia mwanawe na kugeuka kutafuta mlango. Alidhani kuna moto.

Halafu: *Itadakimasu.* Brayo alisema hilo ndilo neno kuu. Ukimwekea mgeni sahani, unakusanya viganja kifuani, unainama, unasema *itadakimasu*. "Ni kama kumwambia, chakula chako hiki, enjoi." Mimi nililishika kwa kukariri "ita dakika, Masudi", kisha nikawa nammeza Masudi mwishoni. Na mgeni akiondoka, unamwinamia tena unamwambia *gochisosama deshita*. Hilo lilinitesa mpaka Nakato aliponitungia "ngozi si samaki, desturi". Nikawa nawaaga matajiri wa Doha kwa kuwaambia ngozi si samaki, nao wananiitikia kwa heshima.

Siku ya kutuonjesha chakula, vililetwa vitu vyeupe vimeviringishwa, vina mvuke, kila mtu kimoja kwenye kisahani. Nikajua ni chapati ya wali. Nikachovya cha kwangu kwenye mchuzi mweusi. Brayo akapiga ukelele. Kilikuwa kitaulo cha kupangusia mikono. Nakato alicheka mpaka akatoka nje, lakini nilikiona kitaulo chake, nacho kilikuwa na alama ya meno.

Brayo alikuwa pia amesikia kwamba Wajapani hufyonza tambi kwa sauti na si aibu. Hilo ni kweli, nimelithibitisha baadaye. Yeye akaligeuza kuwa sheria. Tulitakiwa kumsimamia mgeni na kumwambia afyonze, na asipofyonza tumwonyeshe mfano kwa mdomo. Mzee mmoja mwenye kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikawa kali kama upanga, amekuja na wakwe zake, akatii. Mchuzi ukamchora kuanzia ndevu mpaka mapajani. Wakwe wakatazama juu, kwenye taa. Huyo hakurudi.

Lakini wazo lililompendeza Brayo kuliko yote hakulitoa kwenye video, alilizua mwenyewe. Bakuli la wali likipelekwa mezani, vile vijiti viwili vya kulia visimamishwe wima katikati ya wali, kama milingoti. "Inatoa picha safi," akasema. Na kweli, wageni walipiga picha wali kuliko walivyoula. Bwana Fadi akampa Brayo mkono mbele yetu sote.

Mgeni wa kweli

Siku moja mchana Bwana Fadi aliingia jikoni anatokwa jasho wakati viyoyozi vinaunguruma. "Wajapani!" akanong'ona. "Wajapani halisi! Yalla, upesi!"

Walikuwa wawili. Mwanamume wa makamo aliyevaa suti, injinia wa hapo Doha, na mama yake aliyekuja kumtembelea. Bibi mdogo wa umbo, nywele nyeupe fupi, nguo nyeusi, mikono imetulia mapajani. Walipoingia tukapaza ile *irasshaimase* yetu, na bibi akatabasamu kidogo. Brayo akanikonyeza, kana kwamba tabasamu lile yeye ndiye kalizaa.

Meza ilikuwa yangu. Nikabeba bakuli la bibi kwa mikono miwili, vijiti vimesimama sawasawa. Nikaliweka mbele yake. Nikakusanya viganja, nikainama, nikasema kwa sauti safi kabisa: "*Itadakimasu!*"

Tabasamu likaondoka. Bibi alilitazama lile bakuli, mkono wake ukapanda mdomoni, ukabaki hapo. Mwanawe naye akakaukia kitini. Kisha akaniuliza kwa Kiingereza, polepole sana: "Nani amekufa?"

Nikadhani anauliza habari za nyumbani. Watu wengine ndivyo walivyo. "Hakuna, bosi," nikajibu. "Sote wazima, tunamshukuru Mungu."

Akaziba uso kwa kiganja. Mpaka leo sijui kama alikuwa analia au anacheka. Alipokiondoa, akanieleza kama unavyomweleza mtoto aliyevunja kitu asichokijua thamani yake. Kwao, wali wenye vijiti vilivyosimama ni wa marehemu. Huwekwa karibu na kichwa cha maiti kabla hajazikwa. Baba yake alikuwa amefariki mwaka huohuo. "Mara ya mwisho mama yangu kuona bakuli hivi," akasema, "lilikuwa pembeni ya mto wa baba."

Jamani! Mimi nimewahi kupika kwenye misiba ya watu, nimewahi kukaa na wafiwa, najua unavyoingia kwenye nyumba ya eda unateremsha sauti. Na hapa nimembebea mjane wali wa mumewe, nimeuweka mbele yake, kisha nikamwinamia kwa tabasamu.

"Nisamehe, mama," nikasema kwa Kiswahili, maana Kiingereza chote kilinikimbia. "Nisamehe sana."

Sijui alisikia nini. Alivichomoa vile vijiti taratibu, akavilaza mbele yake. Kisha akazungumza na mwanawe, na safari hii mwanawe akatabasamu kwa shida.

"Mama anauliza, mbona huli?"

"Kula nini, bosi?"

"Neno ulilosema, hulisema anayekula, kabla ya kugusa chakula. Ni kusema: napokea kwa unyenyekevu. Wewe umeweka chakula chetu mezani, halafu umetutangazia kwamba unakila." Akaonyesha kiti. "Mama anasema karibu."

Nikajua sasa kwa nini kuna wageni walikuwa wakivuta sahani zao karibu.

Nikamwambia bibi "Starehe, mama", kama tunavyosema hapa mtu akikukaribisha nawe umeshiba. Hakuelewa. Akasukuma bakuli kwangu, akasema "*dozo*", na akaendelea kusubiri kwa macho yale ya mtu mzima ambayo huwezi kuyageuzia mgongo, uwe Tanga au popote. Nikaketi. Wahudumu kuketi na wageni ilikuwa marufuku, kula chakula chao ndiyo usiseme. Nilimwona Bwana Fadi kwenye kona, kafungua mdomo kama samaki wetu.

Vijiti sikuviweza. Nikapangusa mkono wa kulia kwa kitaulo, nikasema bismillahi, nikafinyanga tonge dogo, nikala. Bibi akakitazama kidole gumba changu kinavyosukuma wali usidondoke, akacheka. Kicheko kidogo, cha ndani, kama mtu aliyekuwa hajacheka siku nyingi na anakijaribu kama bado kipo. Akakusanya viganja vyake, akasema *itadakimasu* yake, laini, haina Masudi wala dakika, akaanza kula sahani yake.

Tulikula hivyo, sikumbuki muda gani. Alipomaliza akanionyesha na la mwisho: *gochisosama deshita*. Halisemwi na mhudumu, husema aliyeshiba, kumshukuru aliyehangaika na chakula. Nikamwambia mwanawe kwamba Waganda wanalo la maana hiyohiyo, nikamtajia. Akamtafsiria mama yake, na bibi akasema "*webale kufumba*" akielekea mlango wa jikoni, kwa lafudhi ambayo Nakato, aliyekuwa akichungulia, aliipokea kwa kupiga goti.

Nyuma, kwenye masufuria

Walipoondoka Bwana Fadi alituita jikoni. Alitaka kujua ni nani aliyeharibu.

"Huyu ndiye alipeleka bakuli, bosi," Brayo akasema. "Hawa watu wa Tanga unawafunza hivi, wanashika vile."

"Si wewe uliyesema visimamishwe?" nikamwuliza. Brayo akatazama feni.

Nilitegemea kwamba hata wakinitoa mimi, vijiti vitalala. Bwana Fadi akafikiri, akapata uamuzi wake. Akija Mjapani, vijiti vilazwe. Wengine wote visimame, kwa sababu picha zinaleta wateja.

"Mimi sitavisimamisha, mudiri," nikasema.

"Ni vijiti tu!"

"Basi kama ni vijiti tu, vilale."

Akanihamishia kwenye kuosha masufuria. Sikuona vibaya. Masufuria hayainamiwi. Nakato alinisogezea kiti cha plastiki, tukawa tunaimba pamoja, yeye kwenye vitunguu mimi kwenye povu. Lakini muda wangu wa majaribio ulipokwisha niliitwa ofisini nikaambiwa sifai kuendelea. Nikauliza sababu. Bwana Fadi, mwenye piza, akaweka mkono kifuani akaniambia kwa masikitiko kwamba sina moyo wa Kijapani.

Kurudi

Aliyetumwa kunipeleka uwanja wa ndege ni Brayo. Tulipita minara ya West Bay. Karibu na mwisho wa safari akaniuliza.

"Lakini Mwanaidi, si ungesimamisha tu? Hiyo kitu ya Wajapani inakuuma nini? Wewe si Mjapani."

"Brayo, mtu akichukua sanda akaifanya kitambaa cha meza kwa kuwa ni nyeupe na inapendeza kwenye picha, wewe utaweka sahani juu yake?"

Akaendesha. Kisha akasema, sauti imeshuka: "Wateja wanapenda, maze. Nifanye aje? Na mimi niko na watu nyumbani." Na ni kweli anao.

Mlangoni pa uwanja aliniteremshia begi. Akasita. "Yule mama alisemaje hasa? Ile itadakimasu."

Nikamwonyesha. Nikamweleza nani husema na lini. Brayo na viatu vyake vya kung'aa akakusanya viganja katikati ya watu na mikokoteni ya mizigo, akainama akasema, nikamsahihisha, akainama tena. Familia moja iliyokuwa inapita ikadhani ananiaga kwa huzuni, mama yao akanishika bega akaniombea dua.

Wiki niliyofika hapa Nakato alinitumia sauti kwenye simu. "Dada, Brayo ametukusanya. Amesema *itadakimasu* ni ya mgeni, si ya mhudumu, na ametufunza vizuri, hata kuinama. Mudiri akamwuliza amejifunza wapi. Amesema kwa bingwa mmoja wa Kijapani anaishi Tanga."

Nikacheka peke yangu jikoni. Kisha nikamuuliza: na vijiti?

"Vijiti bado vinasimama, dada. Jana kulikuwa na harusi. Bibi harusi ameshika bakuli lake, bwana harusi ameshika lake, vijiti viko juu, wanacheka, watu wote wanapiga picha."

Nikamwambia Nakato awaombee maisha marefu.